Klara Shemweta na Ubao wa Kweli na Uzushi

Jumapili ijayo, tarehe 30 Juni 1985, Bi. Klara Shemweta atatimiza miaka ishirini na mitatu ya kazi katika Chumba cha Kusomea cha Soko, hapa Lushoto, na siku hiyo hiyo atastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kurasa mbili. Nimewajibu kwamba zitakuwa nne, na wakizikata nitasimama nizisome zote kwa mdomo. Nimefanya kazi naye miaka kumi na mitano. Nina mengi, na moja kati ya hayo sijawahi kuliandika popote.

Klara alizaliwa mwaka 1930 upande wa Bumbuli, katika familia ya wakulima wa Kilutheri. Alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka minane. Julai 1962, miezi saba baada ya Uhuru, alikabidhiwa funguo za chumba kimoja cha bati kando ya soko, meza mbili, na vitabu mia moja na arobaini ambavyo panya walikuwa wameshaanza kuvisoma. Kazi yake iliandikwa kwa mstari mmoja: kutunza vitabu na kupokea wasomaji.

Wasomaji hawakuja! Siku ya gulio watu walipita mlangoni na matenga ya kabichi na viazi, wakamsalimu vizuri, wakaendelea na safari yao. Klara alivumilia mwaka mzima. Kisha akatoa ubao mweusi barazani, akaandika sentensi tatu kwa chaki na chini yake maneno haya: "Mbili ni za kweli. Moja nimeitunga. Ni ipi? Jibu Alhamisi ijayo."

Alhamisi ya tatu njia ya sokoni ilikuwa imeziba.

Wazee wanaikumbuka ile ya pweza. Aliandika kwamba pweza ana mioyo mitatu, na mchinjaji mmoja wa ng'ombe, mtu aliyefungua vifua vya wanyama maisha yake yote, alikuja na kisu bado kiunoni kudai kwamba serikali inawadanganya wananchi. Klara alimfungulia kitabu chenye mchoro. Mchinjaji aliutazama ule mchoro mpaka chai ikapoa, akaondoka akisema hataki tena kusikia habari za baharini. Wiki nyingine Klara aliandika kwamba mmea mdogo wenye maua ya urujuani, unaoota kwenye miamba ya kivuli katika milima yetu hii na kule Amani, hupandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya. Soko zima lilicheka. Siku hiyo hiyo aliandika kwamba kuna nchi ambako theluji huuzwa kwa kilo kwa ajili ya kutibu meno, jambo alilolitunga akiwa anachambua mchele, na karibu wote waliliamini! Alipoleta picha ya lile ua dirishani mwa nyumba ya Kizungu, wanawake wawili wa Magamba walikwenda moja kwa moja msituni kuling'oa wakaliangalie vizuri.

Aliwafundisha watu kuuliza maswali mawili tu. Nani ameona? Na mimi nikienda, nitaona? Wasiojua kusoma waliomba wasomewe ubao. Baada ya miezi michache walichoka kuomba, wakataka wafundishwe. Mwaka 1970, mwaka wa elimu ya watu wazima, mimi nilipoajiriwa kuwa msaidizi wake, tulikuwa na madarasa manne ya jioni, na wanafunzi walikaa mpaka kwenye ngazi za baraza.

Sasa nifike kwenye mwaka 1974.

Mvua zilikuwa zimekosekana, na vijiji vingi vya bondeni vilikuwa vimehamishwa na kupangwa upya. Watu walijenga nyumba huku ghala zao zikiwa tupu. Mwezi Oktoba Klara aliitwa semina Korogwe kwa wiki tatu. Alhamisi kabla ya kuondoka aliandika sentensi zake tatu kama kawaida. Ya kwanza: yai moja la mbuni linatosha kujaza nafasi ya mayai ya kuku zaidi ya ishirini. Ya pili: asali ikihifadhiwa vizuri hukaa miaka na miaka bila kuoza. Ya tatu: kuku wakilishwa mahindi ya njano huacha kutaga. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoitunga. Aliniachia karatasi ya jibu, akaniambia, "Fanueli, Alhamisi ijayo uandike hili, herufi kubwa."

Alhamisi iliyofuata nilikuwa Soni kwenye harusi ya dada yangu. Nilirudi Jumamosi. Nikaona jibu limechelewa, watu wameshasahau, nikafuta ubao na kuandika tangazo la mkutano wa kata. Karatasi ya Klara ilibaki kwenye droo.

Mwezi huo huo mahindi ya msaada yakaanza kuingia wilayani, na yalikuwa ya njano. Watu wakayaita unga wa Yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi. Wachuuzi wa bondeni waliokuja kununua viazi walikuwa wamesoma ubao wetu au kusomewa. Waliteremka na uongo ule. Uliposhuka Mlalo ulikuwa bado unahusu kuku. Ulipofika Mng'aro ulihusu mifugo yote. Ulipofika Mnazi ulikuwa umekuwa hivi: ubao wa Lushoto umeandika kwamba mwanamke akila unga wa njano hazai tena.

Klara aliporudi alikuta barua mezani. Ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji kimoja cha huko Mnazi, Ndugu Athumani Kiondo. Aliandika kwamba magunia yamefika wiki ya tatu sasa na yamelala ghalani, kwamba kina mama wanachimba mizizi porini kuwapikia watoto, na kwamba watoto wawili wameanza kuvimba miguu. Alimalizia kwa kuuliza, "Je, ni kweli mmeandika hivyo? Kama ni kweli, tuambieni tuyarudishe."

Klara aliisoma amesimama. Akanigeukia.

"Jibu uliliandika?"

"Hapana, Bi. Klara."

Hakunigombeza. Alifungua droo, akaitazama ile karatasi, akairudisha. Nilisema nitaandika barua mara moja, ipelekwe na lori la kesho.

"Barua wataisoma wanaojua kusoma," alisema. "Uongo wangu umewafikia wasiojua. Vaa viatu vizuri, tunakwenda."

Tulipanda lori la mboga mpaka Mlalo, tukateremka mlima kwa miguu. Watu wa milimani tunalijua joto la bondeni kwa kusimuliwa. Siku ile nililijua kwa ngozi yangu. Klara alikuwa na miaka arobaini na minne, na alinitangulia njia nzima. Kesho yake trekta lilitubeba kwenye tela, na adhuhuri tulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji.

Ndugu Athumani alikwisha kuita mkutano. Aliwaambia watu kwamba mama wa ubao amekuja mwenyewe. Nilimtarajia Klara aanze kwa salamu ndefu na habari za serikali kununua chakula. Aliwaamkia wazee, kisha akasema:

"Ndugu zangu, maneno kwamba mahindi ya njano yanazuia kuku kutaga si ya daktari wala ya redio. Niliyatunga mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, natafuta jambo la kuwachekesha watu wa gulio. Ni uongo wangu, na nimekuja kuuchukua."

 Kisha mama mmoja akasimama katikati ya wanawake, mwembamba, mrefu, amembeba mtoto wa kama miaka miwili. Baadaye tulimjua vizuri: Halima binti Issa, mama wa watoto wanne, na mtu ambaye wanawake wa kijiji kile walimsikiliza kuliko mwenyekiti. Alimgeuza mtoto ili Klara aione miguu yake.

"Huyu amekula mizizi wiki tatu," alisema. "Kwa ajili ya mchezo wako?"

 Nimemwona Klara akiwajibu wakaguzi, wachungaji, masheikh na wanasiasa, na hakukosa neno. Siku ile alisimama tu na machozi yakamtoka mbele za watu.

Alipoweza kusema, aliomba apikiwe ugali wa njano pale pale, ale kila mtu akiona. Baadhi ya wanaume wakasema hiyo ni haki. Halima akacheka kwa uchungu.

"Wewe mama umeshamaliza kuzaa. Ukila, unapoteza nini?"

Nilikata tamaa. Lakini niliona uso wa Klara ukibadilika, na wanaomfahamu wanaujua uso huo. Ndio anaokuwa nao mtu akimpa swali zuri.

"Unasema kweli," alimwambia. "Kula kwangu hakuthibitishi kitu. Una kuku?"

"Ninao."

"Wanaotaga?"

"Sita wanataga."

"Basi wewe uchague, wewe uwalishe, wewe uhesabu. Watatu wape mahindi ya njano. Watatu wape mtama wa siku zote, konzi chache za ule mliobakiza kwa mbegu. Mimi sitawagusa. Nitakaa hapa kijijini mpaka utakaponiambia niondoke."

Jamani, kijiji kile kilichangamka! Vizimba viwili vilijengwa kwa fito mbele ya nyumba ya Halima. Mzee mmoja alikataa kuku mweupe asiingie upande wa njano kwa sababu kuku mweupe ni mvivu kwa asili. Wakabishana mpaka jua likazama. Halima aliwafunga kuku wa njano uzi mwekundu mguuni ili mtu asiwabadilishe. Kila asubuhi watu walikuja kabla ya kwenda shamba, wakachungulia, wakahesabu.

Siku ya kwanza kuku wa njano hawakutaga. Siku ya pili hawakutaga. Upande wa mtama yalipatikana mayai mawili. Siku ya tatu, hakuna. Watu waliacha kuja kwa vicheko, walikuja kimya. Siku ya nne mwanamume mmoja alimwambia Klara usoni kwamba labda alitunga uongo, na uongo wenyewe ukawa kweli. Siku hiyo nilimwomba tuondoke. Nilimwambia tutaita bwana mifugo kutoka wilayani aje kueleza.

"Na kama nimekosea?" aliniuliza. "Kama mahindi haya yana kitu kweli, unataka niwe nimekimbia?"

Ndipo nilipomwelewa mwanamke huyu. Alikuwa tayari kabisa kujikuta amekosea, mbele ya kijiji kizima, ili mradi ajue.

Asubuhi ya tano Halima alipiga ukelele. Tulidhani nyoka ameingia kizimbani. Alikuwa amesimama na yai mkononi, la moto, na yule kuku mweupe mwenye uzi mwekundu anapiga kelele kama amejifungua mfalme! Mzee aliyemwita mvivu hakuonekana mpaka mchana. Kesho yake mayai yakawa mawili. Bwana mifugo alipopita baadaye alieleza kwamba kuku wakihamishwa hushtuka na kusimama siku chache. Upande wa mtama walikuwa watulivu zaidi, basi.

Siku ya kumi na nne Halima aliita watu mwenyewe, bila kumshirikisha mwenyekiti. Akahesabu kwa sauti: upande wa mtama mayai kumi na tisa, upande wa njano kumi na nane. Kisha akaleta bakuli mbili nyeupe, akavunja yai kutoka kila upande. Watu walisukumana kuona. Kiini cha upande wa mtama kilikuwa kimepauka. Kiini cha upande wa njano kilikuwa kimekolea kama kimepakwa bizari!

"Hee!" walisema kwa pamoja. Wakataka avunje mengine, akakataa kwa kuwa hayo ni chakula.

Hapo Klara angeweza kunyamaza na kushangiliwa. Lakini aliomba nafasi ya kusema.

"Kuku si mwanamke," alisema. "Mlichokiona kinaonyesha kwamba nilichoandika ubaoni ni uongo. Habari ya kina mama ulizeni kivingine. Mahindi haya yanatoka nchi ambazo watu wake wanayala, wao na babu zao. Watoto wao wapo, tena ndio wanaotuuzia."

Halima alifikiri kidogo. Akaingia ndani, akatoka na kikapu, akatembea mpaka ghalani mtoto akiwa mgongoni. Tulimfuata sote.

"Nipimie," alimwambia mtunza ghala.

Wanawake wengine walipanga mstari nyuma yake. Jioni ile kijiji kizima kilinukia ugali. Wale watoto wawili walipelekwa zahanati, na baada ya wiki kadhaa miguu yao ilirudi hali yake. Hakuna mtoto aliyekufa. Klara akiulizwa habari za Mnazi huanza na hilo, kwa sauti ya chini, kabla ya kusimulia jambo jingine lolote.

Tuliporudi Lushoto, barua ya onyo kutoka kwa afisa elimu wa wilaya ilikuwa inamsubiri na ubao ulikuwa umeondolewa barazani kwa amri. Barua ilisema mtumishi ameeneza uzushi na hakutoa masahihisho kwa wakati. Klara aliisaini siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikijipanga nitamwambiaje afisa. Nilipotoka barua ilikwisha kwenda.

"Kwa nini hukusema ni mimi?" nilimuuliza.

"Kuandika jibu ilikuwa kazi yako," alisema. "Kutunga uongo juu ya chakula mwaka wa njaa ilikuwa kazi yangu, na niliifanya vibaya. Hilo langu nimelisaini. Lako utajua mwenyewe."

Sikulala vizuri siku nyingi. Mwishowe niliingia ofisini na kueleza. Afisa alisema jambo limekwisha, faili limefungwa, nisimsumbue. Nikakubali haraka mno, nakiri. Basi leo naliandika hapa, kwenye karatasi ya sherehe, mbele ya wafanyakazi wenzangu wote na familia yake: masahihisho hayakutolewa kwa sababu mimi, Fanueli Mbughuni, sikuyatoa. Nimepeleka pia nakala ya maneno haya iwekwe kwenye faili lake, kabla halijafungwa kwa mara ya mwisho.

Ubao ulirudi baada ya miezi minne. Watu wa gulio walikuwa wameomba, lakini iliyowagusa zaidi wakubwa ni barua kutoka Mnazi. Ilikuwa na alama za vidole gumba sitini na tatu, na chini kabisa jina moja lililoandikwa kwa herufi zinazotetemeka: Halima Issa. Klara aliweka sharti jipya. Tangu siku hiyo jibu liliandikwa siku ile ile, kwenye ubao mdogo uliogeuzwa uso ukutani, na mtu yeyote angeweza kuugeuza akishakuwa amesema chaguo lake. Uongo haukulala tena bila jibu. Na mambo ya chakula, dawa na uzazi hakuyatania tena.

Mafanikio mengine kamati inayo kwenye orodha: vitabu mia moja na arobaini vimekuwa elfu mbili na mia tatu, na wasomaji waliofaulu mitihani ya kisomo ni wengi kuliko nafasi niliyobakiwa nayo. Mimi nataka kuwaambia kilichotokea Alhamisi iliyopita.

Ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho kabisa ubaoni. Kati ya mambo ya kweli aliandika kwamba kinyonga hugeuza rangi ili afanane na mahali alipo. Nani hajui hilo? Watu walipita wakatikisa vichwa, wakatafuta uongo kwenye sentensi nyingine. Akaja Marta, mkulima wa mboga wa hapa jirani, aliyejifunza kusoma kwetu akiwa na wajukuu. Alikuwa na kapu lililofunikwa jani la mgomba, akasalimu kwa Kisambaa.

"Onga mshi, Bi. Klara. Hiyo si kweli."

"Mama Marta, ipo kitabuni."

"Kitabuni ipo. Mimi ninaye kapuni."

Alipofunua jani, nusu ya umati ilikimbia, maana mnajua jinsi tunavyowaogopa wadudu hao. Marta alimweka kinyonga juu ya khanga nyekundu. Tulingoja. Alibaki kijani. Akamweka juu ya gunia, akabaki kijani. Alisema amefanya hivyo siku tatu nyumbani, kwenye majivu, kwenye maua, kwenye sufuria. Kisha akatoa kinyonga wa pili, akawakabilisha. Ndugu zangu! Yule wa kwanza alivimba, akapigwa mistari, akawaka rangi ambazo khanga haikuwa nazo.

"Anageuka akikasirika," alisema Marta. "Na asubuhi kwenye baridi huwa mweusi, jua likimpata anapauka. Mahali hapamhusu sana."

Klara alipiga magoti barazani, miaka hamsini na mitano, akamtazama kinyonga kwa karibu mno hata tukahofia pua yake. Akaomba jaribio lirudiwe. Marta akarudia. Kinyonga akawaka tena. Klara akainuka, akachukua chaki, akapiga mstari mnene juu ya sentensi yake, na juu yake akaandika: "Uzushi. Nimesahihishwa na Marta."

Alikuwa anacheka kama msichana. Alimkumbatia Marta, akamkabidhi chaki, akaingia ndani kutafuta daftari ili aandike yote kabla hajasahau.

Bi. Klara, asante kwa miaka yote hiyo, na asante kwa kunisubiri mimi miaka kumi na moja. Uende Bumbuli salama, mashamba yakuzalie, wajukuu wakuchoshe kwa maswali, na kila asubuhi ikuletee jambo moja la ajabu ambalo hukulijua jana.

Fanueli Mbughuni,
kwa niaba ya wafanyakazi wa Chumba cha Kusomea cha Soko, Lushoto